Namna ya Kubishana na Chura kwa Adabu

Mwongozo huu umeandikwa na mtu asiye na timu. Jezi nyekundu iliyoanikwa uani ni ya shemeji yangu, na ukiniuliza mbona inanitosha, tayari umevunja kanuni ya kwanza: usimchunguze mwenzio nia kabla hajamaliza hoja yake.

Tuanze na mahali. Ubishi wa Simba na Yanga usiufanyie kwenye kundi la WhatsApp, ambako mtu anakutukana huku amejilaza, kisha anazima simu. Nenda kijiweni, ukae kwenye benchi, muuza kahawa akiwa karibu na dele lake. Watu hudhani kahawa ile ni ya kuchangamsha akili. Kazi yake hasa ni kumnyamazisha mpinzani. Ni ya moto, haipigwi funda moja, na kila anapopeleka kikombe mdomoni unapata nafasi ya kusema sentensi nzima bila kukatizwa. Semina za maridhiano huita jambo hili kusikilizana, na wao hulipana posho.

Njoo na takwimu, ila zako tu. Mtu wa Msimbazi, yaani wa Simba, hata akiamshwa usiku wa manane anatakiwa ataje 6–0 ya Julai 1977, siku Abdallah Kibadeni alipofunga mabao matatu peke yake, kisha ashushie na 5–0 ya Mei 2012. Mtu wa Jangwani, yaani wa Yanga, atajibu kwa 5–1 ya Novemba 2023. Akiona haitoshi, atakumbusha kwamba Yanga ilianza 1935 na Simba ikafuata 1936, kana kwamba wa pili kuzaliwa harithi. Usimwambie anadanganya. Mwambie, “Mzee wangu, kumbukumbu unayo, Mungu akuzidishie. Ila hiyo 2023 mimi nilikuwa naumwa, sikuiona.”

Wala usimalize maneno mapema. Oktoba 20, 2013 Yanga walikwenda mapumziko wakiongoza 3–0. Shabiki aliyemwaga kejeli zake zote wakati ule alibaki mikono mitupu mechi ilipokwisha 3–3. Wazee wa kijiwe huweka akiba.

Sasa tufike kwenye matusi, maana bila hayo heshima haijakamilika. Timu hizi ni watani wa jadi, na utani una sheria zilizoutangulia mpira. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19. Leo ni watani. Mtani wako anaweza kuja msibani kwako, akamsema marehemu kwa ubahili, akadai alipwe kabla kaburi halijafukiwa, na wewe huruhusiwi kununa. Anayenuna ndiye aliyekosa adabu. Lakini mtani huyohuyo anategemewa kushika kazi za msiba ambazo ndugu wa damu, kwa machozi, hawaziwezi. Ruhusa ya kukucheka ameilipia.

Kijiweni ni hivyohivyo. Atakayekuita chura kwa sababu Jangwani hujaa maji mvua zikikolea, au kolo kwa sababu tu umevaa nyekundu, ndiye utakayemkopa nauli jioni. Kama humkopeshi wala hakukopeshi, usimwite chura. Hamjafika huko. Mama wa mtu haguswi, na madeni yake hayatajwi hadharani, hasa kama anayemdai ni wewe.

Kipimo kigumu kilikuja Machi 8, 2025, Simba walipogoma kuingia uwanjani wakisema walizuiwa kufanya mazoezi hapo usiku wa kuamkia mechi. Kijiwe kikageuka mahakama. Watu ambao hawajawahi kusoma masharti ya mkopo wao wenyewe walinukuu kanuni za ligi kwa vifungu. Mechi ikachezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2–0, na hapo mwandishi asiye na timu hana la kuongeza.

Msomaji makini atauliza kama mbinu hizi zinafaa kwenye siasa. Jaribio lipo. Novemba 2, 2014, Jaji Joseph Warioba, aliyeongoza tume iliyopendekeza Muungano wa serikali tatu, alikaa na wenzake Ubungo, Dar es Salaam, kwenye mdahalo wa Katiba Inayopendekezwa. Ukavunjika kwa vurugu, viti vikaruka. Bila shaka kosa lilikuwa la waandaaji, hawakuleta kahawa. Lakini nakiri inanishangaza kwamba watu wanaoweza kufungwa tano na kesho yake wakachekwa mpaka na konda wa daladala, wanashindwa kuvumilia mzee mmoja akieleza kwa nini serikali ziwe tatu. Labda siasa ingepewa jezi na refa wa kulaumiwa.

Limebaki somo la kufungwa. Siku hiyo usiingie mitini. Wahi kijiweni kabla hujaitwa, keti palepale unapoketi siku zote, agiza kahawa ya watu wote na kashata juu, kisha waache waseme mpaka sauti ziwakauke. Ukijificha, watafanya kikao. Watakuja nyumbani kwa msafara wakiwa wamevaa kanzu, nyuso zimekunjamana, wamwambie mkeo kwamba wamesikia kuna msiba humu ndani na wamekuja kuhani. Na kama mkeo ni wa timu ile, atawatandikia mkeka.