Faiba Mlangoni, Konokono Sebuleni

Mwaka 1871, pale Ujiji, mpelelezi Livingstone alipokea kwa msafara wa mwanahabari Stanley mfuko wa barua uliofungwa Zanzibar Novemba 1870. Miezi na miezi njiani. Leo shemeji yangu wa Mwanga, Kigoma mjini, video ikimgandia nusu dakika, anaita nyumba nzima ije ishuhudie dhuluma.

Kavutiwa intaneti ya faiba. Kachukua kifurushi cha megabiti 200 kwa sekunde, na habari hiyo imefika Kibirizi kabla ya mitumbwi ya dagaa. Hongera, shemeji! Ila ile ruta aliyoachiwa na mpangaji aliyehama, matundu yake ya waya mwisho wake ni megabiti 100. Mia nyingine analipia kama sadaka.

Nayo kaificha kwenye kabati la vyombo, nyuma ya birika la wageni, juu kaifunika kitambaa cha kufuma isishike vumbi. Mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 5 yana kasi lakini kuta nene huyamaliza nguvu, ya 2.4 hupenya zaidi, ila majirani wote wanabanana humohumo. Na nywila? Mtaa mzima unaijua: ni jina la mkewe.

Nikamwambia anunue ruta mpya, aitundike juu, katikati ya nyumba, na televisheni aiunge kwa waya.

“Waya sebuleni? Wageni wataniona mshamba.”

Kesho anakwenda kuomba megabiti 500.