Jezi ya Ngumi

Baridi ya Julai hapa Bahati, hasa huku upande wa msituni, haina adabu. Ndiyo iliyonifanya ninunue ile jezi nyekundu ya mitumba bila kuvutana bei. Ilikuwa nzito kama blanketi, kifuani ina gurudumu lenye bawa, mgongoni namba 25. Vijana wa boda pale stejini waliamua ni nembo ya sacco mpya, wakaniuliza kiingilio ni pesa ngapi.

Nyumbani kila mtu aliirekebisha. Mama watoto aliisugua kwa brashi na sabuni ya kipande hadi madoa ya mikononi yakasalimu amri. Fundi wa nguo akaziba matundu ya kiwiko, kisha akauona ukanda mfupi wa lastiki, wenye vifungo vya kubana, umeshonewa ndani ya pindo la nyuma. Akasema ni wa kumshikia mtoto asipotee sokoni. Akaukata.

Jioni nikamtumia mpwa wangu aliye Marekani picha. Akapiga simu papo hapo. "Anko, ukanda uko wapi?" Akanieleza kuwa ile ni jezi ya hoki.

Mimi hoki ninayoijua ni ya nyasini, ile iliyoipa Kenya nafasi ya nne Kombe la Dunia la Barcelona mwaka 1971. Kumbe jezi hii ni ya Detroit Red Wings, watu wa barafuni. Mei 1996, Claude Lemieux wa Colorado alimgonga Kris Draper wa Detroit kwa nyuma, akamvunja taya. Tarehe 26 Machi 1997 Darren McCarty, namba 25, akamlipia mwenzake deni: alimtandika Lemieux, naye akapiga magoti na kujifunika kichwa. Makipa nao, Patrick Roy na Mike Vernon, wakaacha magoli yao wakakutana katikati kuzichapa. McCarty hakutolewa. Akabaki mchezoni, na ndiye aliyefunga bao la ushindi katika muda wa ziada, 6-5.

Ukanda ule hufungwa kwenye suruali ili adui asikuvute jezi hadi kichwani ukapigwa huoni. Na sheria za ligi yao, NHL, ni za ajabu: ukipigana, unakaa kando dakika tano; jezi ikikuvuka kwenye ngumi kwa kuwa hukuifunga, unafukuzwa mechi nzima.

Mpwa akaendelea kunichoma. Wakusanyaji wa jezi kuukuu, akasema, hulipia ukanda, matundu na madoa, maana ndiyo ushahidi kwamba ilichezewa. Yaani vyote tulivyoviondoa kwa sabuni, sindano na makasi. Nikamwambia huenda ilikuwa ya shabiki tu, mnywa bia mmoja wa Michigan. Akanyamaza, kisha akauliza tena kuhusu ukanda.

Asubuhi nikaenda kwa fundi. Alikuwa ameshaufunga kwenye kanyagio la cherehani, na vifungo vyake vyote vimebana sawasawa. Akaniambia mashine haijawahi kukimbia hivi tangu ainunue, na kama nina jezi nyingine ya namna ile niilete, ataikata bure.