Shikamoo, Bei ya Petroli

Kuna mheshimiwa mmoja nchini Tanzania asiye na msafara wala king'ora, lakini Jumatano ya kwanza ya kila mwezi watu husubiri neno lake kuliko hotuba yoyote ya jukwaani. Ni bei kikomo ya mafuta, ile inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Imelaaniwa vijiweni na kwenye mabasi, na bungeni imesemwa vibaya mpaka imezoea. Leo itendewe haki.

Kwanza, imesomesha watu hesabu. Dereva wa kawaida haingii sheli kuomba lita, anasema, "Niwekee ya elfu kumi." Mhudumu anamwambia, "Bosi, angalia sifuri." Hapo somo linaanza. Septemba 2023, petroli ilipofika shilingi 3,213 jijini Dar es Salaam, noti hiyo nyekundu ilileta lita tatu na tone la kuonjea. Dereva akashuka, akasogea hadi kwenye pampu, akawa anazifuata tarakimu kwa umakini ambao daftari la mwanawe halijawahi kuupata. Mwenye bodaboda yeye amekwenda mbali zaidi. Taa ya akiba ikiwaka anailaza pikipiki ubavu, anaitikisa, anatega sikio kwenye tangi, na petroli yoyote iliyojificha upande wa pili inavuka. Kwenye mteremko anazima injini na kumwachia Mungu na breki. Nani mwingine amewahi kufundisha fizikia bila ubao wala ada?

Imefundisha na jiografia. Mtu ambaye hakuwahi kujua Kyerwa iko wapi anaweza kuibaini kwa kusoma orodha ya bei: kadiri wilaya inavyokuwa mbali na bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, ndivyo lita inavyozidi kuwa ghali. Somo la siasa za dunia nalo lilitolewa mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine na fundi cherehani wa Manzese akajikuta akifuatilia bei ya pipa la mafuta.

Na upendo je? Majirani wa Tegeta waliokuwa wakisalimiana kwa honi, kila mmoja peke yake ndani ya gari la watu watano, sasa wanapeana lifti hadi Posta na kuchangia mafuta. Wengine wamekumbuka kwamba miguu ni yao. Bajaji na teksi zimehamia kwenye gesi ya Songosongo: mtungi umewekwa pale palipokuwa pa mizigo, na foleni ya kujaza gesi inampa dereva saa kadhaa za kutafakari jinsi anavyookoa fedha. Bajeti ya 2023/24 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Kwa kuwa reli ya SGR nayo huitwa mradi wa kimkakati, mwenye gari anaweza kuliona treni la umeme likipita kuelekea Dodoma akajivuna kwamba amechangia usafiri usiohitaji hata tone la petroli yake.

Wapo waliojaribu kuidhalilisha. Agosti 2011 EWURA iliipunguza kwa takribani asilimia 9, na papo hapo ikaonekana nani mwenye nchi: kampuni za mafuta zikagoma kuuza, pampu zikakauka, magari yakalala vituoni, na bidhaa iliyoshushwa bei ikawa haipatikani kwa bei yoyote ya halali. Kabla mwezi haujaisha ikapandishwa tena. Mwaka 2022 ikabembelezwa kwa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Juni ikakubali kuinama kidogo, ikatua 2,994 Dar es Salaam. Agosti ikasimama kwenye 3,410, ruzuku ikiwa mgongoni.

Kenya nako inaheshimiwa vilivyo. EPRA, mdhibiti wa nishati wa huko, huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi, na jioni hiyo wenye magari hujazana vituoni kuwahi saa sita usiku, wakisukumana kwa ajili ya akiba ambayo pengine inaishia kwenye foleni hiyohiyo. Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta iliruka kutoka asilimia 8 hadi 16. Septemba petroli ikavuka 200 kwa mara ya kwanza, ikagonga shilingi za Kenya 211.64 jijini Nairobi.

Lakini sifa yake kuu ni kwamba haibagui. Inaingia hata kwa asiyemiliki baiskeli. Nyanya za Ilula, kule Iringa, huteremka Dar es Salaam kwa Fuso, na Fuso hainywi maji. Mama muuza genge hapandishi bei, la hasha, wateja watamkimbia. Fungu linabaki lilelile la mia tano, ila nyanya zilizokuwa tano zinakuwa nne, na ile kubwa iliyo juu inapangwa kwa ustadi kuficha ndogo za chini. Mnunuzi analipa petroli ya gari ambalo hajawahi kuliona, na bado anarudi nyumbani na chenji ileile.

Mwenye daladala amefaidi kuliko wote. Nauli ya kilomita 10 za mwanzo ilikuwa shilingi 400. Mei 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ikaifikisha 500, Desemba 2023 ikawa 600. Sababu ilielezwa, abiria wakaelewa, mafuta yamepanda. Januari 2025 petroli ikashuka Dar es Salaam hadi 2,793. Nauli haikupata taarifa hizo. Abiria akithubutu kuuliza, konda, akining'inia mlangoni na noti zimekunjwa katikati ya vidole, humjibu kwamba tairi hazijashuka, spea hazijashuka, na hesabu ya bosi haijawahi kushuka tangu azaliwe.