Asante kwa Kunihesabia

Juzi niliagiza kitabu London, pauni 20. Kabla sijabonyeza “lipa”, duka likaniuliza kwa adabu ya mkwe mpya: ungependa kulipa kwa shilingi zako? Nani angekataa ukarimu huo? Kuzidisha ni kazi nzito, na kikokotoo cha simu yangu ni pambo tu. Wakanizidishia wenyewe, kwa kiwango chao wenyewe, na ujira wakajikatia wenyewe, nisije nikachoka. Mpiga debe wa stendi hukubebea begi tu. Hawa walinibebea na pochi.

Benki yangu nayo haikukubali kupitwa na shughuli. Shilingi ziliondoka zikiwa shilingi, lakini kwa kuwa duka liko ng’ambo, ikamega asilimia zake. Ndiyo heshima ya harusi: hata asiyepika hupakuliwa sinia.

Jirani yangu mmoja, mbishi wa kuzaliwa, kila mara huchagua “pauni” na kuiachia kadi yake ibadilishe fedha. Maskini! Hubakiwa na chenji, akahangaika pa kuiweka. Mimi mfuko wangu mwepesi; hata wezi wa Kariakoo wananionea huruma.