Barua ya Wazi kwa Shirikisho la Kimataifa la Farasi, kutoka Kosele Kusiko na Farasi

Kwa Rais na Bodi ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI), Lausanne, Uswisi.

Waheshimiwa,

Barua hii inatoka Kosele, kituo cha biashara kilicho karibu na Oyugis katika Kaunti ya Homa Bay, ambako maksai hulima na pikipiki hubeba abiria, lakini farasi hana kazi wala makao. Upande wa magharibi wa kaunti hiyo liko Bonde la Lambwe, lililovuma kwa mbung'o waenezao nagana, maradhi ya damu yanayodhoofisha ng'ombe na kumuua farasi upesi zaidi. Kwa hiyo wakazi wa Kosele wanayo sifa moja ambayo Shirikisho limeitafuta kwa muda mrefu bila kuipata, nayo ni kutokuwa na maslahi yoyote katika mbio za farasi.

Mbio zinazozungumziwa hapa ni zile za masafa marefu, ambazo katika ngazi ya juu hufikia kilomita 160 kwa siku moja, zikigawanywa katika mizunguko. Kila mzunguko unapokwisha, daktari wa mifugo huhesabu mapigo ya moyo wa farasi, ambayo kwa miaka mingi hayakuruhusiwa kuzidi 64 kwa dakika, hufinya ngozi ya shingo kuona kama mwili umekaukiwa na maji, kisha huamuru mnyama akimbizwe kidogo ili kilema kijitokeze. Mnunuzi yeyote wa ng'ombe katika minada ya Rachuonyo, eneo iliko Kosele, angeutambua uchunguzi huo, ingawa yeye huongeza kufungua mdomo na kukagua meno, kwa kuwa pesa zinazotoka ni zake.

Shirikisho linastahili pongezi kwa upole wake. Mwaka 2009 Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum, mtawala wa Dubai, alifungiwa miezi sita baada ya farasi wake Tahhan kukutwa na steroidi, yaani dawa ya kujenga misuli, na mkufunzi akafungiwa mwaka mmoja. Rais wa Shirikisho wakati huo alikuwa Binti Mfalme Haya, mke wa mtawala huyo, ambaye, kwa haki yake, alijitenga na kesi. Miaka mitatu baadaye Sheikh huyohuyo alitwaa ubingwa wa dunia huko Euston Park, Uingereza, jambo ambalo halikuvunja kanuni hata moja, na ndiyo maana linafundisha mengi kuhusu kanuni zenyewe. Kwa kulinganisha, Mkenya Rita Jeptoo, mshindi wa marathoni za Boston na Chicago, alipokutwa mwaka 2014 na EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, alifungiwa miaka miwili, nayo Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaiona michache na kuifanya minne. Alistahili, ila yeye alikimbia kwa miguu yake mwenyewe, hali Tahhan hakuulizwa chochote.

Mwaka 2015, baada ya malalamiko mengi juu ya farasi kuumia na kanuni kuvunjwa, Shirikisho lilisimamisha uanachama wa Umoja wa Falme za Kiarabu mwezi Machi na kuurejesha Julai, na hivyo adhabu ikaangukia zaidi majira ya joto, ambapo jangwani hakuna anayethubutu kushindanisha farasi. Ni kweli kwamba mashindano ya dunia ya 2016 yaliondolewa Dubai, na kwamba mwaka 2020 Mahakama ya Usuluhishi ilimfungia miaka 20 mpanda farasi ambaye mnyama wake, Castlebar Contraband, alivunjika mguu Fontainebleau, Ufaransa, akiwa ametiwa ganzi ili asihisi maumivu. Mnyama huyo alikuwa amekufa tangu 2016.

Yako pia madai ya kifamilia. Septemba 2018, katika mashindano ya Tryon, Marekani, baadhi ya washindani walielekezwa njia isiyo sahihi mwanzoni kabisa, mbio zikasimamishwa, zikaanzishwa upya zikiwa fupi, kisha zikafutwa kwa sababu ya joto na unyevu, huku farasi zaidi ya 50 wakihitaji matibabu. Mmoja wao, kutoka New Zealand, figo zilimharibikia hata akalazimika kukatishwa uhai, na jina lake lilikuwa Barack Obama. Kwa kuwa baba wa Obama mwenye jina alizaliwa karibu na Kendu Bay, katika Rachuonyo hiihii, Kosele inajiona kuwa upande wa wafiwa, na mpaka leo haijapokea rambirambi.

Kosele haiombi fidia. Inaomba kwanza kwamba posho na gharama za waamuzi na madaktari zitoke katika mfuko wa Shirikisho badala ya mfuko wa mwandalizi. Pili, adhabu imfuate mkufunzi na zizi zima, si mpanda farasi peke yake. Na tatu, mwendo uwekewe kikomo. Hili la tatu halihitaji hata kubuniwa, kwa kuwa Sheikh Sultan bin Zayed Al Nahyan wa Abu Dhabi alikwisha kuweka kikomo cha kilomita 20 kwa saa katika mbio za Bouthib, jangwani humohumo, na farasi wengi walimaliza wakiwa wazima. Shirikisho likikosa waamuzi wa kulisimamia jambo hilo, Kosele inao wanunuzi wa ng'ombe walio tayari, ambao watahitaji viza na nauli tu.

Wasio na farasi,
Kosele, Kaunti ya Homa Bay.