Memori Ikiisha, Usimtafute Mchawi

Seva ya tovuti ikianza kuhema, kila ofisi ina waganga wake. Huyu tiba yake ni kuizima na kuiwasha. Yule anasema nunueni RAM. Wa tatu tayari ameshamtaja mchawi: kijana aliyeandika programu. Waache wapige ramli, wewe piga hesabu.

Andika free -m. Safu iitwayo free itakuonyesha, tuseme, megabaiti 140 kati ya 3,936, na moyo utakupasuka. Tulia. Sogeza jicho hadi safu ya mwisho, available: 2,310. Hiyo ndiyo akiba yako ya kweli. Linux haiachi memori ikae bure. Huijaza mafaili iliyokwisha kuyasoma diskini, ili yakitakiwa tena yapatikane upesi. Ni kama kuanika nguo kwenye viti vya wageni: wakibisha hodi, unazitoa. Nimeona watu wakinunua seva kubwa zaidi kwa kuisoma safu isiyo yake, na fedha ile iliniuma.

Available nayo ikiwa imekauka, fungua dmesg. Ukikuta mstari wenye Out of memory, ujue kerneli imechinja programu ili mashine ipone. Mara nyingi anayechinjwa ni MySQL, kwa kuwa ndiye mnene kuliko wote. Unene si kosa. Usimzike kama mwizi.

Sasa njoo kwa Apache, maana hapa ndipo penye shughuli. Katika mtindo wa prefork, kila ombi hushika mchakato mzima, na MaxRequestWorkers, kikomo cha michakato hiyo, isipoguswa ni 256. Agiza ps aux --sort=-rss, usome safu ya RSS, ambayo ni kilobaiti. Tuseme kila mchakato wa Apache unakula megabaiti 60. Zidisha kwa 256: 15,360, kwenye seva ya gigabaiti 4! RSS hutia chumvi kidogo, kwani memori inayotumiwa kwa ubia huhesabiwa kwa kila mmoja, lakini hata ukiipunguza, sufuria ni dogo kuliko wageni walioalikwa. Tenga 1,000 za hifadhidata na 500 za mfumo, inayobaki igawe kwa 60. Utapata kama 40. Andika 40. Mgeni wa 41 atasubiri foleni kidogo, na hiyo ni heri kuliko wote kufukuzwa.

Mchakato mmoja ukizidi kunenepa kila saa bila kurudi, hapo kuna uvujaji. MaxConnectionsPerChild ikiwa 0, mchakato hauna siku ya kustaafu. Weka 1,000 upate kupumua huku ukilitafuta tundu lenyewe ndani ya programu.

Na ikibidi kuizima seva na kuiwasha, nakusihi: hifadhi kwanza matokeo ya free, ps na dmesg kwenye faili. Seva ikishazimwa, picha ya memori ilivyokuwa imepotea, na kesho usiku utaanza upya gizani.