Mgunduzi Aliyeonyeshwa Njia

Tulifundishwa shuleni kwamba Vasco da Gama aligundua njia ya bahari ya kwenda India. Hongera zake. Ila Aprili 1498, baada ya kukosana na wenyeji wa Msumbiji na Mombasa, alitia nanga Malindi akaomba rubani. Sultani akampa mtu aliyeijua bahari ile, kusi ikajaza matanga, na chini ya mwezi mmoja mgunduzi wetu akawa pwani ya Calicut. Kwa hesabu hiyo, hata abiria wa basi la usiku amegundua Dodoma.

Huko akatandaza zawadi za mfalme: vitambaa 12 vya mistari, kofia 6, sukari, mafuta, asali, na mabeseni 6 ya kunawia. Mabeseni! Kwa mtawala wa bandari iliyojaa pilipili na vito. Maofisa wakaangua kicheko: hata mfanyabiashara fukara atokaye Makka huleta vya maana kuliko hivyo. Posa ya namna hiyo, hata kwetu tusio na pilipili, ingerudishwa mlangoni.

Kurudi, bwana mkubwa hakungoja kaskazi. Bahari aliyoivuka kwa wiki chache ikamla karibu miezi 3, mabaharia wakafa kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha merikebu zote; moja ikachomwa moto.

Nguzo yake yenye msalaba ingali Malindi, watalii wanapiga nayo picha. Ya rubani, ukiiona, tafadhali nijulishe.